Kwa nini Goma inakwama: historia ya mji na njia zake chache

Ukisimama kwenye Rond-point Signers siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, utaona picha ileile ya jana. Fuso yenye magunia ya makala imesimama katikati kwa sababu gari la mbele yake limesimama. Taksi-bisi mbili zimejaribu kuipita kwa upande usio wao, na sasa zinatazamana na magari yanayokuja. Pikipiki zimejaza kila nafasi iliyobaki, hata pale pa watu wa miguu. Anayeongoza magari anapiga filimbi lakini hakuna anayemsikia. Katikati ya yote hayo kijana mmoja anasukuma chukudu yenye mbao, anapita polepole, na mara nyingi ndiye anayefika wa kwanza.

Tukifungua mikrofoni juu ya jambo hili, wasikilizaji wetu hutoa majibu mawili. Wa kwanza wanasema magari yamekuwa mengi. Wa pili wanasema wamotari hawana adabu barabarani. Yote mawili ni kweli, siyakatai, na mimi mwenyewe nimevunjwa taa ya pikipiki na mtu ambaye hakugeuka hata kusema pole. Lakini magari mengi na wamotari wakorofi wako pia Bukavu, wako Butembo, wako Kampala. Goma ina sababu yake. Huu ni mji ambao watu wameuingia wakikimbia na kuutoka wakikimbia, na kila mara wamepita njia zilezile chache. Msongamano wa asubuhi ni mdogo wa ule mkubwa tunaouona siku ya hatari. Kwa hiyo nimeona vema nisimulie historia yake, hasa kwa ajili ya familia zilizofika mjini miaka hii kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, ambazo zinapita barabara hizi bila kuambiwa zilitoka wapi.

Tuanze na mahali penyewe. Kusini kuna ziwa Kivu. Mashariki kuna mpaka, na nyumba za Gisenyi zinagusana na zetu. Kaskazini kuna volkano Nyiragongo, mita 3470 juu, pamoja na mbuga ya Virunga ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1925. Halafu ndani ya mji wenyewe kuna uwanja wa ndege, ambao zamani ulikuwa pembeni na leo umezungukwa na nyumba. Anayetoka upande wa Bujovu kwenda Himbi lazima auzunguke. Ukiondoa ziwa, mpaka, volkano na uwanja wa ndege, unabaki na nini? Barabara ya kaskazini kwenda Rutshuru, barabara ya magharibi kwenda Sake, na milango miwili ya mpaka, Grande Barrière na Petite Barrière. Mashua za kwenda Bukavu na Minova zipo pia, kwa mwenye nauli.

Wabelgiji walipoweka kituo chao hapa mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuwa wanafikiria mji wa watu milioni. Wajerumani walikuwa Gisenyi, nao walitaka kuwa na watu wao upande wa pili kuwachunga. Ilikuwa kambi ya askari, ofisi, bandari ndogo, na baadaye nyumba za wakubwa kando ya ziwa. Birere ikawa mahali pa soko na pa watu wa kawaida. Mipango ya barabara ilifanywa kwa kipimo hicho. Mwaka 1988 Kivu ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo matatu, Goma ikafanywa makao makuu ya Kivu Kaskazini, na ofisi zikaja, na watu wa ofisi, na magari ya watu wa ofisi. Barabara zilibaki zilezile.

Mimi nilizaliwa katika miaka hiyo. Jambo la kwanza ninalokumbuka maishani mwangu ni miguu. Ilikuwa Julai 1994. Nilikuwa mtoto wa miaka mitano, nimesimama mlangoni, na mbele yangu ilipita miguu tu, siku nzima, na usiku miguu ikaendelea. Katika siku chache watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia katika mji wetu. Hawakuwa na mahali pa kukaa mjini, kwa hiyo walielekezwa kando ya zile barabara mbili. Kibumba, Katale na Kahindo ziko upande wa kaskazini. Mugunga iko magharibi, njia ya Sake. Kipindupindu kiliua watu wengi sana, na maiti zililazwa kando ya barabara zikingojea malori. Nyuma ya malori hayo yalikuja magari meupe ya mashirika, ambayo hayajawahi kuisha Goma tangu siku hiyo.

Miaka miwili baadaye miguu ile ilirudi. Katikati ya Novemba 1996 kambi ya Mugunga ilivunjika kwa vita, na mamia ya maelfu ya watu wakatembea kutoka Mugunga, wakapita katikati ya Goma, wakavuka Gisenyi. Barabara ilijaa kutoka ukingo hadi ukingo kwa siku kadhaa. Kama kuna siku Goma ilipata msongamano wake mkubwa kuliko wote, ni zile, na hapakuwa karibu na gari lolote ndani yake.

Sasa nije kwa mwaka 2002, kwa sababu ndio uliochora mji tunaotembea ndani yake leo.

Alhamisi tarehe 17 Januari, asubuhi, Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Mwaka 1977 ilikuwa imepasuka pia, tarehe 10 Januari, na moto ulishuka kwa kasi ambayo watu wa vijiji vya kaskazini hawakuweza kuikimbia, lakini ulisimama kabla ya mji. Kwa hiyo mwaka 2002 wazee wengi walisema utasimama tena. Haukusimama. Ulifunika karibu theluthi ya uwanja wa ndege upande wa kaskazini, ukaingia katikati ya mji, ukala maduka, ukala kanisa kuu la Saint-Joseph, ukashuka mpaka ndani ya ziwa. Watu kama 120,000 walibaki bila nyumba.

Mto ule wa moto ulikata mji vipande viwili. Waliokuwa mashariki yake walikimbilia Gisenyi. Waliokuwa magharibi walikimbilia Sake. Hakuna aliyechagua. Baba yangu alikuwa Birere kazini kwake, sisi tulikuwa nyumbani Mabanga. Mama alitutoa sisi watoto wanne kupitia kichochoro cha nyuma mpaka Katindo, na kutoka hapo tukaingia katika barabara ya Sake pamoja na watu wengine wote. Aliweka sufuria kichwani na mtoto mdogo mgongoni, na mimi, wa miaka kumi na miwili, nikabeba godoro lililokunjwa kwa kamba. Tulilala Mugunga kando ya njia. Siku tatu hatukujua kama baba yuko hai, naye hakujua habari zetu, na alikuwa kilometa chache tu kutoka kwetu, upande wa pili wa mawe yanayowaka. Watu walianza kurudi mapema sana. Walivuka juu ya lava iliyokuwa bado ya moto chini, ndala zikiyeyuka, na kila aliyevuka aliulizwa majina ya waliobaki upande ule. Hivyo ndivyo tulivyopata habari ya baba.

Lava ilipopoa, ikawa kile tunachokiita makoro, mawe meusi yenye makali, mahali pengine yakiwa na kimo cha mtu mzima. Barabara zilikuwa chini yake. Watu hawakungoja mpango wa serikali, na mjini hapakuwa na serikali ya kungojea, maana Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Wenye viwanja walipanda juu ya makoro, wakapima kwa macho mahali ambapo nyumba yao ilikuwa, wakajenga upya kwa mbao na mabati, na baadaye kwa mawe hayohayo. Magari yalipasua njia mahali ambapo mawe yalikuwa laini kidogo. Ndiyo maana barabara nyingi za Goma zinapanda na kushuka bila sababu, zinajikunja mahali ambapo hakuna mlima, na zinakuwa nyembamba ghafla. Mahali ambapo jirani wawili walijenga karibu mno, barabara ilikubali kuwa kichochoro.

Ni katika miaka hiyo ndipo pikipiki zilipotutawala. Nikiwa mtoto, pikipiki ya kukodi ilikuwa kitu cha kuangaliwa. Baada ya volkano gari dogo halikuweza kupita kwenye makoro, bisi ndiyo kabisa, lakini pikipiki iliweza. Vijana waliotoka Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita hawakuwa na shamba mjini wala kazi ya ofisi. Mtu alikuwa anauza ng'ombe wa mwisho wa familia, ananunua pikipiki ya Kihindi, na jioni anarudi na chakula. Kiswahili chetu kina neno moja, moto, kwa kilichotoka Nyiragongo na kwa kinachotubeba kila siku, na kwa Goma vyote viwili vilikuja karibu pamoja. Nasema hivi kwa sababu wakubwa wakitaka kupunguza msongamano, au uhalifu wa usiku, jambo la kwanza wanaloligusa ni wamotari. Mara kadhaa pikipiki zimekatazwa kutembea baada ya jua kuzama. Kila mara, mama mjamzito wa Ndosho ndiye aliyetembea kwa miguu.

Na mji ulikua upande gani? Upande uliobaki, magharibi. Kyeshero, Ndosho, Lac Vert na Mugunga, mahali palipokuwa na mashamba na kambi, pakawa kartie za mji zilizojaa nyumba. Zote zinatokea kwenye barabara moja kubwa, ya Sake, kilometa kama 25. Shule ziko mjini, hospitali kubwa ziko mjini, soko la Virunga liko mjini. Kwa hiyo asubuhi watu wote wanakuja mashariki, na jioni wote wanarudi magharibi, na katikati yao inapita Fuso ya viazi na maharagwe kutoka Masisi, maana Goma inakula kwa barabara hiyohiyo.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ikawa nyekundu tena. Safari hii lava ilishuka mpaka Buhene, kwenye mlango wa mji, karibu sana na uwanja wa ndege, ikasimama. Barabara ya Rutshuru ilikatwa. Usiku ule watu walikimbia bila amri ya mtu yeyote, wengine Gisenyi, wengine Sake, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao gizani. Serikali ilipotoa hesabu ya kwanza ya vifo, walikuwa watu 15. Nataka msikilizaji aisikie hesabu hiyo vizuri. Wawili walikuwa wameunguzwa na moto. Wanne walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze. Tisa walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia. Idadi ya vifo ilipanda baadaye, lakini siku ile ya kwanza barabara ilikuwa imeua watu wengi kuliko volkano.

Ardhi iliendelea kutetemeka siku zilizofuata, nyufa zikaonekana barabarani na kwenye kuta. Alhamisi tarehe 27 Mei, kabla ya mapambazuko, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji zihame, kwa sababu moto ungeweza kutoka chini ya miguu yetu au chini ya ziwa bila dalili. Aliagiza watu waende Sake. Mabanga Nord na Mabanga Sud zilikuwa katika zile 10. Mimi nilimpandisha mama kwenye gari la jirani, nikachukua kinasa sauti changu, nikafuata nyuma kwa pikipiki.

Niliondoka Katindo kama saa mbili asubuhi. Nilifika Mugunga karibu saa sita. Kwa pikipiki! Umbali huo siku ya kawaida hauchukui hata nusu saa. Magari yaliyokuwa yanaelekea Sake yalishika pande zote mbili za barabara, mistari mitatu, mahali pengine minne, halafu yanafika mahali pembamba ambapo mbili tu zinapita, na hapo kila kitu kinasimama. Gari likiishiwa mafuta katikati, watu walilisukuma mtaroni. Malori yaliyotoka Sake kuja kubeba watu hayakuweza kuingia mjini, kwa sababu hakuna upande uliobaki wa kuingilia. Nilimwona mzee mmoja akisukumwa juu ya chukudu, amekaa wima na shuka jeupe mabegani, akitupita sote. Nilimrekodi mama mmoja aliyejifungua siku mbili kabla, ambaye aliniambia hajui kama anakimbia kitu kilicho nyuma au kilicho chini. Sauti hiyo bado ninayo. Nilitaka kuituma studio mara moja, lakini mtandao ulikuwa umekufa, na nilipoipata hewani ilikuwa usiku, wote wamekwisha fika au wamekwisha kwama.

Mamia ya maelfu ya watu waliondoka siku ile na ya kufuata. Sake, mji mdogo, ulilaza watu makanisani, shuleni, chini ya veranda. Volkano haikupasuka tena. Tarehe 7 Juni serikali ilitangaza kwamba watu wanaweza kurudi, na wengi walikuwa wamekwisha rudi kwa sababu ya njaa. Nyuma ya hapo watu wengi walisema amri ile ilikuwa bure. Mimi sisemi hivyo. Ninachojiuliza ni kingine. Kama moto ungetoka saa nne asubuhi siku ile, ungetukuta wapi? Ungetukuta barabarani, kati ya Ndosho na Mugunga, kila mtu akipiga honi.

Yaliyofuata ninyi wenyewe mnayajua, na wengi wenu ndio mliyatembea. Mwishoni mwa 2022 vita vilifika Rutshuru na Kibumba, barabara ya kaskazini ikafungwa kwa biashara, na familia zikajaza Kanyaruchinya. Mwanzoni mwa 2024 vita vilifika Sake, na familia zikajaza Bulengo, Lushagala na Mugunga, yaani kando ya barabara ileile. Vibanda vya bashi vilifika mpaka kwenye ukingo wa lami. Watu wa mjini walilalamika kwamba wahami wamefunga njia; nilipokea simu nyingi za namna hiyo, nyingine sikuziweka hewani. Aliyelala hatua tano kutoka kwenye magurudumu ya Fuso hakulala pale kwa kupenda. Maji yalikuja na lori, na lori lilipita pale. Tarehe 27 Januari 2025 vita viliingia mjini. Februari watu wa kambini walipewa siku chache za kuondoka, na nikaiona miguu tena, na mabashi yamekunjwa kichwani, ikienda Sake, ikienda Kitshanga, ikienda Kibumba. Wengine walirudi Goma baadaye, wakapanga chumba kimoja Ndosho au Mugunga. Asubuhi nao wako kwenye msongamano pamoja nasi.

Kuna wanaosema dawa ni kupanua barabara ya Sake. Ni vema ipanuliwe. Lakini kupanua barabara moja bila kufungua njia ya pili ni kuleta magari mengi zaidi kwenye mlango uleule. Kinachohitajika zaidi, kwa maoni yangu, ni njia za ndani, za kuunganisha kartie na kartie bila kupitia mizunguko mikubwa, na vichochoro vya watu wa miguu kati ya nyumba. Hivyo havihitaji mabilioni. Vinahitaji mtu wa kusema hapa pasijengwe, na wa kusimamia neno hilo hata mwenye fedha anapokuja na karatasi yake.

Kile kichochoro ambacho mama alitupitishia mwaka 2002 kilikuwa na upana wa watu wawili. Kilipita nyuma ya nyumba yetu, kati ya mawe, kikashuka mpaka Katindo. Mwaka 2021 majirani wengi walikipita tena, wale wasiokuwa na gari. Wamotari hawakukijua, na hilo lilikuwa jema lake. Mwaka huu mtu amenunua viwanja viwili pande zake zote, akajenga ukuta wa makoro, mzuri, wenye saruji, na geti la chuma katikati. Nilikwenda kuuliza katika ofisi inayohusika. Nikaambiwa faili inatafutwa, nirudi. Nimerudi mara tatu.

Mama ana miaka sitini na minane sasa. Wiki iliyopita alitoka na fimbo yake kuupima ukuta ule kwa macho, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza kama upande wa jirani kuna mahali pa kupitisha godoro. Nikamwambia hakuna, njia iliyobaki ni ile ya mbele, inayotutoa kwenye barabara kubwa pamoja na wengine wote.